Ua Hili na Ua Huu: Historia Fupi ya Maua ya Nyumbani

Neno ua katika Kiswahili ni majina mawili yaliyovaa kanzu moja. Ua hili, ambalo wingi wake ni maua, ni pambo la mmea. Ua huu, ambao wingi wake ni nyua, ni kiwanja cha nyumba kilichozungushiwa makuti, mabua au miti. Upatanisho wa sarufi ndio unaotuonyesha ni lipi linalotajwa. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba majina haya yamekutana kwa bahati, kama wasafiri wawili wenye sura moja na baba mbalimbali, na kwa upande wa sarufi sina sababu ya kuyabadili mafundisho hayo. Lakini kwa upande wa historia nimejifunza kwamba hayatengani kwa urahisi. Aliyenifundisha si mwanazuoni. Ni shangazi yangu, mkulima wa Lusewa.

Lusewa ni kata iliyo kusini mwa nchi yetu, katika Mkoa wa Ruvuma. Zamani ilihesabiwa katika Wilaya ya Songea. Tangu 2002 imo katika Wilaya ya Namtumbo. Ni nchi ya miombo, na watu wake ni Wayao, Wandendeule, Wangoni na wengineo. Masika yake ni mamoja tu kwa mwaka: mvua huanza kiasi cha Novemba au Desemba, hukoma Aprili au Mei, na baada ya hapo ardhi hukauka mpaka ikafanya nyufa. Mwaka mmoja, alipokwisha kutoka katika eda ya mumewe, shangazi alinipigia simu akaniambia, "Mwanangu, utakapokuja niletee maua ya kupanda mbele ya nyumba. Nunua mazuri. Lakini usiniletee maua yanayokunywa maji kuliko wajukuu wangu."

Nilicheka nikadhani ni mzaha wa wazee. Nilikwenda kwa muuza miche mmoja kando ya barabara mjini Dar es Salaam, nikachagua kwa jicho kama afanyavyo mtu mwenye haraka. Kilichonivuta zaidi kilikuwa chungu kidogo chenye mmea wa majani laini kama mahameli na maua ya rangi ya urujuani. Muuzaji akaniambia kwa fahari kwamba hilo ni ua la Ulaya. Nililipa bei aliyoitaka, nikalipakata chungu langu safari nzima hadi Lusewa, nikapokewa kwa vigelegele. Niliporudi mwezi wa Septemba chungu kilikuwa kimegeuzwa, kinalaliwa na kuku. Shangazi hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanao alikuwa akilichotea maji kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Nilimwona anachelewa. Nikamwambia aache."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Nilitaka kujua ni ua gani hilo lililotaka kumnyima mtoto masomo yake, na nilipolitafuta vitabuni niliona haya maradufu. Halikuwa ua la Ulaya hata kidogo. Lilikuwa ua la Usambara. Katika insha hii nakusudia kueleza kwa ufupi jinsi maua ya nyumbani yalivyoingia katika nyua zetu, jinsi mengine yalivyotoka kwetu yakarudi kwa majina ya wengine, na jinsi mtu anunuaye maua leo anavyoweza kufaidiwa na habari hizo.

Tuanzie pwani, maana huko kuna desturi ya siku nyingi ya kununua maua. Majina yenyewe ni ushahidi wa safari. Waridi na mrehani yametoka katika Kiarabu. Asumini lina asili ya Kiajemi. Langilangi limekuja na jina lake kutoka visiwa vya Filipino. Maua haya hununuliwa kwa pua kuliko kwa jicho. Asumini hutungwa kwa uzi ikavaliwa. Mkadi, mrehani na maua mengine hufungwa pamoja yakawa kikuba, kikabanikwa kwenye nguo au nywele. Langilangi hutiwa katika sanduku la nguo au hutawanywa kitandani kwa bwana na bibi harusi. Ua la namna hiyo lina kazi maalumu na muda maalumu. Linunuliwalo jioni huwa limekwisha kazi yake asubuhi, wala hakuna ajali kama wapita njia waliliona au hawakuliona. Mti wake, ukiwapo nyumbani, aghalabu husimama ndani ya ua, karibu na kisima, mahali ambapo maji ya kutawadha na ya kuoshea vyombo huunywesha bila ya kutafutiwa maji ya peke yake.

Bara mambo yalikuwa mengine. Katika vijiji vingi vya kwetu, heshima ya nyumba ni kiwanja kilichofagiliwa mpaka kikang'aa. Shangazi hueleza sababu kwa maneno machache: majani karibu na mlango humkaribisha nyoka. Mgeni aliyezoea bustani za mijini aweza kuona kiwanja hicho kitupu akasema kwamba wenyeji hawajui uzuri. Akisema hivyo atakuwa amekosea. Kiwanja kitupu ni uzuri uliochaguliwa, nao una gharama yake ya ufagio na mgongo kila alfajiri. Maua yalikuwapo, lakini mahali pake palikuwa porini na mashambani, na watu waliyajua kwa majira yake: hili huonyesha kwamba mvua imekaribia, lile huonyesha kwamba uyoga umeota.

Bustani ya mbele, iliyopandwa ili itazamwe, ilikuja bara hasa pamoja na boma na misheni. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho, karibu na Songea, katika 1898. Misheni hiyo ilichomwa moto katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, kisha ikajengwa tena. Mimea iliyopandwa katika viwanja vya maboma, vya misheni na vya maofisa kote nchini ilikuwa ya mbali. Bugenvilia ni mmea wa Amerika ya Kusini. Ulipata jina la nahodha Mfaransa Louis Antoine de Bougainville, ambaye katika safari yake ya kuizunguka dunia, kuanzia 1766 hadi 1769, alifuatana na mtaalamu wa mimea Philibert Commerson. Jakaranda nayo ni ya Amerika ya Kusini. Zinia asili yake ni Meksiko. Mkrismasi, mti utoao maua mekundu kama moto mwishoni mwa mwaka, asili yake ni Madagaska. Hivyo mtu aliyetazama bustani ya boma alikuwa akitazama ramani ya safari za merikebu, ingawa pengine hakuna aliyemwambia.

Hapa sharti nitaje mmea usio wa pambo, kwa kuwa bila ya kuutaja hatutaielewa hadhari ya wazee wa kusini juu ya miche iletwayo na wageni. Katika Julai 1905, huko Umatumbi, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa na serikali ya Wadachi kuilima, na kitendo hicho kikawa mwanzo wa Majimaji. Vita vilienea hadi Ungoni. Tarehe 27 Februari 1906 wapiganaji wengi, wakiwamo wakuu wa Wangoni, walinyongwa mjini Songea, na baada ya vita ikafuata njaa kubwa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Sisemi kwamba ua la chunguni na pamba ya shuruti ni kitu kimoja. Kufanya hivyo kutakuwa kuwadharau waliokufa. Nasema tu kwamba kila mmea uletwao huja na kazi. Kazi ya mmea wa amri huonekana mara moja, kwa sababu nyuma yake husimama askari. Kazi ya mmea wa hiari hufichwa na uzuri wake, na huanguka juu ya yule asiyeulizwa, ambaye mara nyingi ni mtoto wa kike mwenye ndoo kichwani.

Sasa tugeukie maua yaliyosafiri kwa njia ya pili, yaani yaliyotoka kwetu. Nitataja matatu.

La kwanza ni lile la chungu changu. Katika 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Wadachi huko Tanga, alipeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani. Baba yake alimpa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen katika mji wa Hannover, naye mwaka 1893 akautangaza mmea huo kwa wanazuoni kwa jina la Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza ya jina ilimtukuza Baron na baba yake. Ya pili ilisema kwamba maua yake yafanana na urujuani wa Ulaya. Baron huyu hakuwa mgeni wa lugha yetu: mwaka 1890 alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu cha kuwafundisha Wadachi Kiswahili. Hata hivyo jina la ua halikuwa la Kiswahili wala la Kisambaa. Tangu hapo wakulima wa Ulaya na Marekani wamezalisha maelfu ya aina za ua hilo, nalo limekuwa miongoni mwa maua ya ndani ya nyumba yajulikanayo sana duniani. Huko kwao, katika misitu na miamba ya Usambara, Nguru, Uluguru na mahali pachache pengine, mashina ya porini yamepungua kwa kukatwa kwa misitu inayoyapa kivuli, na baadhi yake yamo hatarini kutoweka. Katika 2015 wataalamu waliliondoa hata jina la Saintpaulia katika cheo chake, wakaliingiza katika jamii kubwa ya Streptocarpus. Yaani ua limebadilishwa jina mara ya pili, nalo lingali ni lile lile juu ya jiwe lake.

La pili ni ua la kivulini ambalo jina lake la kitaalamu, Impatiens, maana yake ni asiye na subira, kwa sababu tumba lake la mbegu likiguswa hupasuka na kurusha mbegu. Asili yake ni Afrika ya Mashariki. Mtaalamu Joseph Hooker wa bustani za Kew, karibu na London, alilitaja katika 1868 kwa jina la Horace Waller, ambaye alikuwa katika misheni ya UMCA pande za mto Shire. Miaka 14 baadaye, John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja na mpenzi mkubwa wa mimea, alipeleka mimea kutoka Unguja, na katika 1882 Hooker akaitangaza kana kwamba ni mipya, akaipa jina la heshima la Sultani wa Unguja, aliyekuwa Sayyid Barghash. Baadaye ilionekana kwamba maua hayo mawili ni moja, na kwa kanuni za wataalamu jina la kwanza ndilo lishikalo. Sultani akaondoka, misionari akabaki. Ua hilo lilijaza bustani za Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, hata ugonjwa wa ukungu ulipoziharibu bustani nyingi, huko Marekani hasa katika 2011 na 2012.

La tatu ndilo lililonifundisha zaidi. Wauza maua wa mijini huliita gladiola, nalo hupamba madhabahu na meza za harusi. Mzazi mmoja mkubwa wa gladiola za bustani ni Gladiolus dalenii, mmea wa Afrika uenezao kutoka kusini mwa bara hadi Uhabeshi na hata Arabuni, na jina lake lilitokana na mtu aliyeangalia bustani ya mimea ya Rotterdam. Huko Ubelgiji, kiasi cha 1837, mmea wa jamii hii uliotoka Afrika ya Kusini ulichanganywa na mwenziwe, na mwaka 1841 mfanyabiashara Louis Van Houtte wa mji wa Gent akaanza kuuza uzao wao. Kutoka katika uzao huo na mingine iliyofuata zikapatikana gladiola tunazouziwa leo. Nami nilipoitazama picha ya mzazi huyo, mwenye maua ya manjano na machungwa yaliyopangana juu ya shina moja, nilimtambua mara moja. Nilikuwa nimemkanyaga tangu utoto, katika nyasi za miombo kando ya shamba la shangazi.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini methali hii isitupeleke upande wa pili, tukadhani kwamba kila cha kigeni ni kibaya na kila cha nyumbani ni halali kuchimbwa. Historia yatuonya pande zote mbili. Kwa upande wa wageni, gugu maji la Amerika ya Kusini lilisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Viktoria, likaziba bandari na ghuba za wavuvi, na katika miaka ya 1990 ikalazimu kuletwa wadudu wadogo walilao ili nguvu zake zipungue. Lantana ya Amerika ilipandwa kuwa pambo na wigo, nayo sasa imejitwalia malisho na misitu mahali pengi. Kwa upande wa wenyeji, tazama uwanda wa Kitulo katika nyanda za juu za kusini, ambao watu huuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake. Okidi za nyanda hizo zimechimbwa kwa magunia ili viazi vyake vipelekwe Zambia kuwa chakula kiitwacho chikanda, na hatari hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za kuhifadhiwa kwa Kitulo, ambayo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ua laweza kutoweka kwa kupuuzwa, na laweza kutoweka kwa kupendwa na mnunuzi asiyeuliza.

Kwa hiyo mtu anunuaye maua ya nyumbani hana budi kuuliza kabla ya kufungua mkoba. Ua hili litakunywa maji ya nani wakati wa kiangazi? Limezalishwa na muuzaji, au limeng'olewa msituni? Je, litakaa ndani ya ua, au litaruka wigo likaingia shamba la jirani na mto wa kijiji? Na je, tayari silo lililo nyuma ya nyumba yangu bila ya bei? Muuzaji mwema atajibu. Asiyejua atasema kama alivyosema wangu, kwamba ni la Ulaya, akidhani amemaliza maneno.

Yawezekana msomaji akaniuliza: Basi tusipande ila maua ya asili yetu? La, sisemi hivyo. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Bugenvilia ni mgeni, lakini imeshika jembe: ikisha kushika mizizi huvumilia kiangazi kirefu, hufanya wigo wenye miiba, na hupatikana kwa tawi la kuombwa. Ua la Usambara ni mwenyeji wa nchi hii, lakini Lusewa ni mgeni mwenye kiu, kwa kuwa limezoea miamba yenye kivuli na unyevu. Nchi moja si udongo mmoja. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na kosa la pili lilikuwa kutosikia maneno ya mwenye nyumba, ambaye alikuwa ameniambia sharti la bustani yake waziwazi.

Safari iliyofuata sikununua kitu. Nilikata matawi ya bugenvilia kwa rafiki, nikayafunga katika gunia bichi. Mwezi wa Mei nilikwenda na shangazi kando ya shamba, nikamwonyesha mashina yaliyokwisha kuchanua, yenye vikonyo vilivyokauka na mbegu nyepesi zenye mabawa. Nilimweleza habari za Gent na Rotterdam. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Hili la nguruwe pori? Watu watasema mpwa wangu msomi ametoka mjini akaniletea majani ya shambani kwangu."

Sikuwa na jawabu, na hata leo naona kwamba hoja yake ilikuwa nzito. Ua linunuliwalo husema jambo ambalo ua la bure haliwezi kulisema: kwamba mjane huyu ana mtu anayemkumbuka. Nilikuwa nimetafuta historia ya ua hili, nikaisahau haja ya ua huu. Basi tukapatana. Mbegu tulizichukua chache tu, mizizi tukaiacha mahali pake, tukazipanda katika kitalu kidogo mwanzo wa mvua. Nami nilinunua mjini kile ambacho wapita njia wangekiona bila ya kuomba tone la maji: mtungi mkubwa wa udongo, akauweka karibu na mlango, bugenvilia ikipanda ukutani nyuma yake.

Mbegu za gladiola zataka misimu kadhaa kabla ya kutoa ua. Mwaka wa kwanza yaliota majani membamba kama upanga, yakakauka Juni kama yalivyozoea porini, na hakuna aliyeyachotea maji. Shangazi hufagia kiwanja mpaka kwenye mpaka wa kitalu, akasimama hapo. Mtoto huenda shule kwa wakati. Masika yaliyofuata majani yaliota tena, marefu kuliko kwanza. Shangazi alinipigia simu kunipa habari hiyo, na kwa mara ya kwanza hakuliita la nguruwe. Aliliita letu.